ZFS kwenye mitambo ya diski ya pamoja: Mwongozo kwa ofisi za usafirishaji na ugomboaji mizigo

Hati za mzigo unaovuka mpaka haziishi kazi siku lori linapovuka. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika kifungu cha 235, inampa afisa wa forodha uwezo wa kumtaka mwenye bidhaa, au mtu yeyote mwenye hati za bidhaa hizo, atoe vitabu na kumbukumbu zote zinazohusika ndani ya miaka 5 tangu bidhaa zilipoingizwa au kusafirishwa nje. Wakala aliyeweka dhamana ya mzigo wa transiti, akishindwa kuonyesha kwamba mzigo ulitoka nchini, anaweza kujikuta akidaiwa ushuru wa mali isiyo yake.

Ofisi inapokua, diski ya kompyuta moja haitoshi tena kutunza hati hizo. Kampuni hununua seva, na baadaye mtambo wa diski unaotumiwa na seva zaidi ya moja kupitia mtandao. Makala hii inaeleza namna ya kuweka mfumo wa mafaili wa kisasa uitwao ZFS juu ya mitambo ya aina hiyo. Inaeleza pia makosa mawili yanayoweza kupoteza kumbukumbu za miaka 5 kwa muda mfupi: kutegemea nakala moja tu ya data, na kuruhusu seva mbili zifungue hifadhi moja kwa wakati mmoja.

Mtambo wa diski ni nini

Mtambo wa diski ni sanduku lenye diski nyingi, umeme wake na kompyuta ndogo ya kuziongoza. Kuna njia mbili za kuutumia, na mnunuzi anapaswa kuzielewa kabla ya kulipa.

Njia ya kwanza ni kugawana mafaili. Mtambo wenyewe ndio unaotunza mafaili na kuyatoa kwa kompyuta za ofisi kwa itifaki kama SMB, inayotumiwa na Windows, au NFS, iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984. Hii ni sawa na kuwa na karani mmoja wa ghala. Kila mtu anaomba mzigo kwake, na daftari ni moja.

Njia ya pili ni kugawana diski zenyewe. Mtambo hutoa vipande vya nafasi tupu, ambavyo mafundi huviita LUN. Seva inakiona kipande hicho kama diski iliyofungwa ndani yake. Usafirishaji wa data hufanyika kwa Fibre Channel, ambayo huhitaji kadi na swichi zake maalumu, au kwa iSCSI, ambayo kiwango chake kilitolewa mwaka 2004 na hupita katika kebo za kawaida za mtandao.

Katika njia hii ya pili hakuna karani. Aliyepewa kipande amepewa ufunguo wa chumba kitupu. Anapanga rafu mwenyewe na kuandika daftari lake mwenyewe. Watu wawili wakipewa ufunguo wa chumba kimoja, kila mmoja na daftari lake, mmoja ataweka mzigo pale ambapo daftari lake linasema pako wazi, kumbe mwenzake tayari ameweka wake hapo. Hivyo ndivyo data inavyoharibika.

ZFS ilikotoka

ZFS ilianza kubuniwa mwaka 2001 katika kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, miongoni mwa waanzilishi wake wakiwa Jeff Bonwick na Matthew Ahrens. Ilitolewa kwa umma mwaka 2005 pamoja na OpenSolaris, na mwaka 2006 ikaingia katika Solaris 10. Oracle iliinunua Sun mwaka 2010. Waliotaka kuendeleza toleo huria waliungana mwaka 2013 katika mradi wa OpenZFS, na toleo la 2.0 la mwaka 2020 likaunganisha kazi ya Linux na ya FreeBSD.

OpenZFS haina ada ya leseni. Ubuntu imekuja nayo tangu toleo la 16.04 la mwaka 2016, na mifumo ya hifadhi na seva kama TrueNAS na Proxmox huitumia. Gharama inayobaki kwa kampuni ni vifaa na fundi.

Mambo matatu yanayoitofautisha

Jambo la kwanza ni kwamba kila kipande cha data kina alama yake ya hesabu, iitwayo cheksamu, ambayo hutunzwa mbali na kipande chenyewe. Faili linaposomwa, ZFS hupiga hesabu upya na kulinganisha. Diski inaweza kurudisha data isiyo sahihi bila kutoa onyo lolote. Mfumo wa kawaida utaipokea, na mwenye ofisi atagundua miaka 3 baadaye kwamba ankara haifunguki. ZFS huligundua kosa hilo papo hapo.

Jambo la pili ni kwamba ZFS haiandiki juu ya data ya zamani. Huandika mabadiliko mahali papya, kisha hugeuza kielekezi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hifadhi hurudi ilivyokuwa sekunde chache kabla, bila kubaki nusu ya zamani na nusu mpya. Kwa ofisi ya mpakani yenye umeme wa kukatika mara kwa mara, faida hii ni kubwa. Hata hivyo, inategemea mtambo wa diski kusema kweli unapoarifu kwamba data imeshaandikwa. Mtambo wenye kumbukumbu ya muda lazima uwe na betri ya kuilinda.

Jambo la tatu ni snapishoti, yaani picha ya hifadhi jinsi ilivyo kwa dakika fulani. Huchukuliwa mara moja na mwanzoni haili nafasi. Karani akifuta kwa bahati mbaya jalada la mizigo ya wiki nzima, hurudishwa kutoka katika snapishoti ya saa iliyopita.

Je, ofisi yako inahitaji mtambo wa pamoja?

Kabla ya kununua, ni vizuri kupiga hesabu. Tuchukue mfano wa ofisi inayoshughulikia mizigo 150 kwa mwezi, na kila mzigo una hati zilizopigwa skani zenye jumla ya MB 20. Hiyo ni GB 3 kwa mwezi, na GB 180 kwa miaka 5. Diski moja ya TB 4 inaweza kubeba kiasi hicho zaidi ya mara 20.

Maana yake ni kwamba ofisi ya hati peke yake hainunui nafasi, inanunua usalama. Kwa ofisi hiyo, seva moja yenye diski mbili pacha chini ya ZFS, pamoja na nakala katika tawi jingine, inatosha. Mtambo wa pamoja una maana pale kampuni inapokuwa pia na mfumo wa hesabu unaotumiwa na matawi yote, kumbukumbu za mwendo wa malori, picha za kamera za yadi, au seva kadhaa ambazo moja ikizimika nyingine lazima ishike kazi. Muuzaji anayependekeza mtambo mkubwa bila kuuliza idadi ya mizigo ya mwezi hajapiga hesabu hiyo.

Kosa la kwanza: Nakala moja

Mitambo mingi ina RAID yake ya ndani, ambayo huunganisha diski na kuionyesha seva kipande kimoja kikubwa. Fundi asiyeijua ZFS huchukua kipande hicho na kuweka ZFS juu yake, akiamini kwamba RAID imeshamaliza kazi.

Mpangilio huo unafanya kazi, lakini unaiondolea ZFS uwezo wa kutibu. Ikikuta faili limeharibika, itasema kwamba limeharibika, na haitakuwa na nakala ya pili ya kulirekebishia. RAID ya mtambo nayo haijui ni upande upi ulio sahihi, kwa kuwa haina cheksamu za ZFS. Mwenye ofisi anapata taarifa ya msiba bila dawa.

Kanuni ni kwamba ZFS yenyewe lazima ione walau pande mbili. Ikiwezekana, mtambo utoe kila diski peke yake. Ikiwa mtambo haukubali, basi vichukuliwe vipande viwili kutoka mitambo miwili tofauti na vifanywe pacha. Hapo hata mtambo mzima ukiungua, kazi inaendelea.

Kosa la pili: Seva mbili, ghala moja

Diski zilizokusanywa pamoja chini ya ZFS huunda ghala moja, ambalo katika amri zake huitwa zpool. Ghala hilo hufunguliwa na seva moja tu kwa wakati mmoja. ZFS si mfumo wa klasta. Seva mbili zikilifungua pamoja, kila moja itaandika kwa daftari lake, na mara nyingi matokeo yake ni kupotea kwa ghala zima.

Hatari hii hutokea zaidi wakati wa dharura. Seva ya kwanza haijibu, malori yamepanga foleni, na fundi anakimbilia seva ya pili. Anaandika amri ya zpool import, mfumo unakataa ukisema ghala linatumiwa na seva nyingine, naye anaongeza alama ya -f inayolazimisha. Kama seva ya kwanza ilikuwa imekatika mtandao tu lakini bado inaandika kwenye diski, hasara imeshatokea.

Kinga ipo. Tangu mwaka 2017, toleo la 0.7 la ZFS kwa Linux lilileta kipengele cha multihost. Kikiwashwa, seva inayoshikilia ghala huacha alama ya uhai kwenye diski kila baada ya muda mfupi. Seva nyingine ikitaka kulifungua, husubiri na kuangalia kama alama hiyo inabadilika. Ikibadilika, hukataa, hata kama fundi ametumia alama ya kulazimisha. Sharti lake ni kwamba kila seva iwe na namba yake ya utambulisho, hostid, isiyofanana na ya nyingine. Seva zilizonakiliwa kutoka diski moja zinaweza kuwa na namba moja, na hapo kinga haifanyi kazi.

Kampuni inayolazimika kuwa na seva mbili zinazoandika kwenye kipande kimoja kwa wakati mmoja ihitaji mfumo wa klasta, kama OCFS2 au GFS2, ambayo yote miwili iliingia katika kiini cha Linux mwaka 2006. Mifumo hiyo ina utaratibu wa seva kuulizana kabla ya kuandika. Kwa ofisi nyingi za usafirishaji, njia rahisi ni seva moja kushika ghala na kuwagawia wengine mafaili kwa SMB au NFS, huku ya pili ikisubiri.

Hatua za kuweka

Mfano ufuatao ni wa mitambo miwili, A na B, kila mmoja ukiwa na diski 4 za TB 4. Jumla ya diski ni TB 32, na nafasi ya kutumia ni takriban TB 16 kwa kuwa kila kitu kinaandikwa mara mbili.

1. Tenganisha mtandao wa diski na mtandao wa ofisi. iSCSI haifichi data yenyewe, hivyo kebo na swichi zake zisipitiwe na kompyuta za wageni wala simu za wafanyakazi. Weka nywila ya CHAP katika kila mtambo, na uruhusu seva husika tu.

2. Kila mtambo uwe na swichi yake na betri yake ya akiba. Mitambo miwili iliyochomekwa kwenye UPS moja itazimika pamoja siku UPS hiyo itakapokufa.

3. Hakikisha kila seva ina hostid yake.

4. Unda ghala kwa kuoanisha diski ya A na diski ya B, kwa amri moja:

zpool create -o ashift=12 hati mirror A1 B1 mirror A2 B2 mirror A3 B3 mirror A4 B4

Mahali pa A1 hadi B4 yawekwe majina ya kudumu ya diski, si majina mafupi yanayobadilika seva inapowashwa upya. Thamani ya ashift=12 huilinganisha ZFS na diski za sasa zenye vipande vya baiti 4,096, na haibadiliki tena baada ya diski kuingizwa.

5. Washa kinga ya seva mbili: zpool set multihost=on hati

6. Washa ubanaji wa data: zfs set compression=lz4 hati. Hati za skani zilizokwisha kubanwa hazitapungua sana, lakini mafaili ya hesabu yatapungua. Usiwashe kipengele cha kuondoa marudio, dedup, kwa sababu hula RAM nyingi na faida yake kwa ofisi ya hati ni ndogo.

7. Gawa ghala kwa kazi: forodha, hesabu, malori. Kila sehemu inaweza kuwekewa kiwango chake cha nafasi na ratiba yake ya snapishoti.

8. Panga ukaguzi wa ghala zima kila mwezi kwa amri ya zpool scrub hati. ZFS husoma kila kitu, hulinganisha cheksamu, na kurekebisha upande ulioharibika kwa kutumia pacha wake.

Baada ya hapo, yapo mazoea machache ya kila siku. Ghala lisijazwe zaidi ya asilimia 80, kwa kuwa uandishi huanza kuwa mzito. Umeme unaporudi, mitambo ya diski iwashwe kwanza, kisha swichi, na seva mwisho. Wakati wa kuzima, mpangilio uwe kinyume chake. Mtu mmoja ofisini apewe jukumu la kuandika zpool status kila Jumatatu na kusoma majibu. Diski iliyokufa ndani ya pacha haisimamishi kazi, na kwa sababu hiyo inaweza kukaa miezi bila kujulikana, mpaka ya pili ife.

Pacha si nakala ya akiba

Diski pacha hulinda dhidi ya kifo cha diski. Hazilindi dhidi ya moto, wizi, mafuriko au amri mbaya ya fundi, kwa kuwa kinachofutwa upande mmoja kinafutwa na upande wa pili.

Snapishoti zinasaidia zaidi, hasa dhidi ya programu za kuteka mafaili na kudai fedha. Kompyuta ya karani iliyoambukizwa inaweza kuharibu mafaili yanayoonekana kwenye mtandao, lakini haiwezi kubadilisha snapishoti. Mhalifu aliyepata nywila ya msimamizi wa seva, hata hivyo, anaweza kuzifuta zote.

Programu yenyewe nayo inaweza kuwa na kasoro. Novemba 2023 iligunduliwa hitilafu katika OpenZFS ambayo, kwa nadra, iliweza kuacha sehemu za faili lililonakiliwa zikiwa sifuri tupu. Cheksamu hazikuiona, kwa sababu sifuri hizo ziliandikwa kana kwamba ndizo data halali. Ilirekebishwa katika matoleo ya 2.2.2 na 2.1.14 mwishoni mwa mwezi huohuo.

Kwa hiyo, nakala ya tatu lazima iwe mahali pengine. ZFS ina amri za zfs send na zfs receive zinazopeleka snapishoti kutoka seva moja hadi nyingine. Baada ya safari ya kwanza, hupelekwa mabadiliko tu. Katika mfano wa ofisi ya GB 3 kwa mwezi, hiyo ni takriban MB 100 kwa siku, kiasi ambacho ofisi ya Mombasa inaweza kukipeleka Malaba au Kampala usiku hata kwa intaneti ya kawaida. Seva inayopokea iwe na nywila tofauti na ya ofisi kuu. Na kila baada ya miezi 3, jalada moja la zamani lirudishwe kutoka huko na kufunguliwa, ili ijulikane kwamba nakala inasomeka.

Maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kusaini

- ZFS itaona diski ngapi? Kama jibu ni moja, mpangilio ubadilishwe.
- Ni seva ipi inayoshikilia ghala, na nani ana ruhusa ya kulihamishia seva nyingine?
- Je, multihost imewashwa, na hostid za seva zinatofautiana?
- Mtambo mmoja ukizimwa sasa hivi mbele ya mteja, kazi itaendelea? Aombwe auzime kweli, kabla hati za kampuni hazijawekwa.
- Nakala ya akiba iko mji gani, na mara ya mwisho ilijaribiwa lini?
- Fundi akiondoka, nani mwingine ana nywila na maelezo ya maandishi ya mpangilio wote?

Majibu ya maswali haya yaandikwe katika mkataba wa kazi, na nakala yake ichapishwe kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya sefu. Siku seva itakapogoma, maelezo yaliyohifadhiwa ndani ya seva hiyohiyo hayatamfikia mtu.